Nijitolee Kyangwali, au nilipe wakala anipeleke Ulaya?

Swali: Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Busia ya Uganda, na mwaka jana nilimaliza shahada ya maendeleo ya jamii. Kuna shirika dogo limenikubali kujitolea miezi sita katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, magharibi mwa nchi, bila mshahara. Wakati huohuo wakala mmoja wa Kampala anasema nikimlipa shilingi milioni mbili atanipeleka Ulaya kujitolea kwenye miradi ya maendeleo ya kimataifa. Baba anasema hakunisomesha ili nikafanye kazi ya bure. Ndoto yangu ni kufanya kazi Umoja wa Mataifa. Nifuate njia ipi, na huko kujitolea kutanifaa nini hasa?

Jibu: Mdogo wangu, hizo milioni mbili usimpe mtu. Tulimalize hilo kwanza ndipo tuzungumze mambo ya maana.

Mpango wa kweli wa kujitolea haumtozi kijana wa Uganda ada ya kupata nafasi. Umoja wa Mataifa hautozi senti katika hatua yoyote ya kuajiri au kuchukua watu wa kujitolea: si fomu, si usaili, si mafunzo. Kikosi cha Vijana wa Kujitolea cha Umoja wa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 2010 kwa vijana wa miaka 18 hadi 35, humpeleka kijana nchi nyingine ya Afrika kwa miezi 12 na kumpa posho ya kujikimu. Hata Ujerumani, kupitia mpango wake wa weltwärts, hupokea vijana kutoka nchi za Kusini, na sehemu kubwa ya gharama hubebwa na mpango wenyewe. Kijana hupitia shirika la nyumbani kwao linaloshirikiana na lile la kule. Ukiona mtu anataka pesa mkononi kabla hujaona mkataba, jina la shirika linalokupokea na kazi utakayoifanya, ujue anauza viza ambayo hana. Vijana wetu wameuza ng'ombe na viwanja kwa ahadi za namna hiyo, na kinachoniuma zaidi ni kwamba wengi walikuwa na moyo wa kweli wa kusaidia watu.

Sasa tuje Kyangwali. Mimi ningekwenda, lakini kwa masharti, na masharti hayo ndiyo sehemu kubwa ya jibu langu.

Umeandika kana kwamba Ulaya ndiko kwenye maendeleo ya kimataifa na Kyangwali ni kazi ya kijijini. Wazo hilo lina historia yake. Shirika la kujitolea la VSO la Uingereza lilianza mwaka 1958, na Peace Corps, mpango kama huo wa Marekani, mwaka 1961, na kwa miaka mingi picha ilikuwa moja: kijana wa Kizungu anashuka kwenye ndege, sisi tunampokea. Siku hizi walio wengi kati ya wanaojitolea chini ya Umoja wa Mataifa wanatoka nchi za Kusini, na wengi wao wanatumikia nchi zao wenyewe. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Wataalamu husafiri kutoka mabara mengine kuja kujifunza jinsi tunavyowapa wakimbizi ardhi ya kulima na uhuru wa kutembea na kufanya kazi, mambo ambayo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010 zimeyaweka wazi. Wewe unaweza kufika huko kwa basi.

Na una mtaji ambao wengi hawana. Wakimbizi wengi wa Kyangwali wametoka Kongo. Mwanzoni mwa 2018 maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kutoka Ituri wakatua Sebagoro, upande wetu wa ziwa, na kipindupindu kikazuka wakati watu bado wanatafuta pa kulala. Siku kama zile, anayeweza kukaa na mama mgonjwa akamsikiliza kwa Kiswahili bila mkalimani ana thamani kubwa sana. Kiswahili chako cha Busia na kile cha Bunia, mji mkuu wa Ituri, vitapishana kidogo wiki za kwanza, halafu vitazoeana. Jifunze pia salamu za Runyoro, kwa sababu hutahudumia wakimbizi peke yao; utaratibu wa Uganda hutaka karibu asilimia 30 ya manufaa ya miradi iwafikie wenyeji, na mzee wa Kinyoro akisalimiwa kwa lugha yake hata mkutano huenda vizuri zaidi.

Lakini yote hayo hayatakufaa kitu kama shirika lenyewe halijajua litakufanyisha nini. Hapa ndipo ninapotaka unielewe vizuri. Kujitolea humjenga mtu pale palipo na mambo mawili: kazi maalumu iliyo mikononi mwako, na mtu anayeisahihisha. Likikosekana mojawapo, miezi sita itaisha ukiwa mbeba mabango na mpiga picha za mikutano, na utarudi Busia na fulana yenye nembo.

Chukua mfano wa kazi ndogo kabisa, ya kuhoji kaya kuhusu maji. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya misaada duniani huutumia kama kipimo, unasema mtu apate angalau lita 15 kwa siku, bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, chanzo cha maji kisiwe mbali zaidi ya mita 500 na nyumba, na foleni isizidi dakika 30. Unakwenda na simu yenye KoboToolbox, programu ya bure inayokuruhusu kujaza dodoso hata pasipo mtandao na kutuma baadaye. Unamkuta mama wa kaya ya watu saba. Unamuuliza anachota maji kiasi gani kwa siku, anajibu jerikeni tano. Akilini unapiga hesabu: tano mara ishirini ni lita 100, gawanya kwa saba, lita 14 na kitu. Inakaribia kipimo. Unajaza, unashukuru, unaondoka.

Mhojaji aliyefundwa haondoki. Anaomba kuziona hizo jerikeni. Anakuta tatu ni za lita 20 na mbili ni za lita 10, zile za njano ndogo ambazo watoto huweza kuzibeba. Anauliza kama maji yote ni ya nyumba hii, anaambiwa jerikeni kubwa moja huenda kwa bibi jirani asiyeweza kutembea. Sasa kaya ina lita 60. Kila mtu hafikishi hata lita 9. Tena anaangalia saa za kuchota, anagundua binti wa miaka 12 ndiye anayekwenda alfajiri, na shuleni anafika amechelewa. Kutoka jibu moja la "jerikeni tano" zimepatikana habari tatu ambazo mradi unazihitaji: upungufu wa maji, mzee asiye na msaada, mtoto anayekosa vipindi.

Hakuna anayezaliwa akijua kuuliza hivyo. Unafundishwa na msimamizi anayekaa nawe jioni, akafungua madodoso yako moja moja, akakuuliza, "Jerikeni uliziona, au uliambiwa?" Swali hilo ukiulizwa mara kadhaa, hutalisahau maisha yako yote, iwe utafanya kazi benki, halmashauri au New York. Hicho ndicho unachokitafuta Kyangwali. Ukikosa mtu wa kukuuliza hivyo, utakuwa unarudia kosa lilelile kila siku na kuliita uzoefu.

Takwimu zenyewe si jambo la mchezo. Mwaka 2018 serikali yetu na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (UNHCR) walilazimika kuhakiki upya wakimbizi wote nchini kwa alama za vidole na mboni za macho, na hesabu ikashuka kutoka takriban milioni 1.4 hadi takriban milioni 1.1. Wafadhili walikuwa wamekasirika kwa madai kwamba idadi imekuzwa, na waliokuwa katika hatari ya kuumia ni wale wakimbizi wa kweli ambao chakula chao kilitegemea imani ya watu wa mbali. Ukijitolea, orodha utakayoiandika chini ya mwembe ni sehemu ya imani hiyo. Usijaze dodoso ukiwa umekaa kivulini kwa kubuni majibu, hata kama jua ni kali na wenzako wanafanya hivyo.

Kwa hiyo kabla hujafunga mizigo, liandikie shirika barua pepe fupi ya heshima na uombe majibu kwa maandishi. Nitafanya kazi gani hasa, na nani atanisimamia? Huyo msimamizi yuko Kyangwali, au yuko Kampala na huja mara moja kwa mwezi? Mtanirudishia nauli na kunipa chakula cha mchana siku za kazi? Nikiugua malaria au nikianguka na boda, nani analipa? Mwisho wa miezi sita nitapewa barua inayoeleza nilichofanya? Waombe pia nakala ya usajili wao na kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia mambo ya wakimbizi, cha kufanya kazi ndani ya makazi. Shirika makini halikasiriki kwa maswali haya. Litafurahi kupata mtu anayefikiri. Linalokujibu "njoo kwanza, mengine tutayaona" limekwisha kujibu.

Baba yako tusimpuuze. Kauli yake ina uzito, na ningependa uijibu kwa hesabu wala si kwa ubishi. Anajua kwamba kujitolea kuna gharama: chumba, chakula, vocha ya simu, nauli ya kuvuka nchi kutoka mpaka wa mashariki hadi huko ng'ambo ya Hoima. Mwenye kwao kuzuri huweza kujitolea mwaka mzima. Mtoto wa mkulima hawezi, na kwa njia hiyo kazi nyingi za maendeleo zimeishia mikononi mwa wale wasiohitaji mshahara wa kwanza. Ni dhuluma, na mashirika yanayowatumia vijana bila hata nauli yanaiendeleza. Ndiyo maana nakuambia kataa kwenda bila nauli na chakula, na kataa muda usio na mwisho. Mwonyeshe mzee karatasi yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na orodha ya ujuzi utakaorudi nao. Usiende kwa kukopa.

Jambo jingine ambalo yeye labda amelisikia redioni: hali ya ajira katika sekta hii imebadilika. Mwaka 2025 Marekani ilifunga USAID, shirika lake la misaada, na hapa Uganda miradi mingi ya afya na ya wakimbizi ilisimama. Mwezi Mei mwaka huohuo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha msaada kwa takriban wakimbizi milioni moja nchini kwa kukosa fedha. Watu wenye uzoefu wa miaka kumi walipoteza kazi, nao wanaomba nafasi zilezile unazoziota. Kwa hiyo yapo mashirika yanayochukua wa kujitolea kuziba pengo la mfanyakazi aliyefukuzwa, tena kwa mzigo wote wa kazi ile. Ukifika ukakuta umekabidhiwa kesi za ulinzi wa watoto peke yako wiki ya pili, sema hapana. Si uvivu. Mtoto aliyedhulumiwa anastahili mtu aliyefunzwa, na wewe hujafunzwa bado.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo hukuliuliza, ila kwa kuwa wewe ni binti na unakwenda mbali na kwenu, siwezi kulinyamazia. Saini kanuni za maadili za shirika na uzisome zote. Zinakataza kabisa mahusiano ya kimapenzi na mtu wa chini ya miaka 18, na zinakataza kutoa msaada, kazi au bidhaa kwa kubadilishana na ngono. Wengi hudhani zimewekwa kwa ajili ya wakimbizi tu. Zinakulinda na wewe. Kiongozi yeyote anayekuonyesha kwamba barua yako ya mapendekezo au nafasi ya kudumu itatoka baada ya kumkubalia kitu, anavunja kanuni hizo, na unayo haki ya kuripoti hata kama wewe ni wa kujitolea. Siku ya kwanza kazini uliza: malalamiko ya namna hii yanapelekwa kwa nani, na je, yupo mtu nje ya ofisi hii? Andika namba hiyo kwenye daftari, si kwenye simu peke yake.

Na usifikiri kujitolea ni ngazi ya chini ya wale walioshindwa kupata kazi. Ebola ilipotangazwa Mubende mwezi Septemba 2022, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Uganda walikuwa miongoni mwa wale waliowazika marehemu kwa usalama na heshima. Fikiria ujuzi unaohitajika: kuvaa na kuvua mavazi ya kinga kwa mpangilio bila kukosea hatua hata moja, na papo hapo kuzungumza na familia iliyozuiwa kumwosha mpendwa wao, wakakubali bila kurusha mawe. Ugonjwa ule ulitangazwa kumalizika Januari 2023. Wahudumu wa afya wa vijiji, hawa VHT tunaowajua wote, wamekuwapo tangu 2001, na watoto wengi wa nchi hii walipimwa malaria mara ya kwanza na jirani wa kujitolea. Kazi hii ina hadhi yake.

Kuhusu Umoja wa Mataifa. Mpango wake wa kujitolea, UNV, ulianzishwa mwaka 1970 na makao yake yako Bonn, Ujerumani. Unajiandikisha mwenyewe mtandaoni, bure, na kuomba nafasi zinapotangazwa. Kuna kundi la vijana wa miaka 18 hadi 26, ambalo halidai uzoefu mkubwa, na ukifika miaka 27 unaingia kundi la wataalamu linalotaka angalau miaka mitatu ya kazi. Wewe una 24. Kwa hiyo jiandikishe sasa, kabla hata ya kwenda Kyangwali, na tazama zaidi nafasi za kitaifa za hapahapa Uganda, maana za kimataifa zina ushindani mkali sana. Wanaochukuliwa hupewa posho ya kujikimu kila mwezi na bima. Ujue pia kwamba kuwa UNV si ahadi ya kuajiriwa na Umoja wa Mataifa baadaye. Ukimaliza, unaomba kazi kama mwombaji mwingine yeyote, isipokuwa sasa una kitu cha kuandika.

Kitu hicho lazima uanze kukikusanya tangu siku ya kwanza. Nimesoma CV za vijana wengi, na nyingi husema, "Nilisaidia wakimbizi Kyangwali." Mwajiri hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo. Linganisha na hii: "Nilihoji kaya 140 kwa Kiswahili kuhusu maji na usafi, nikasafisha takwimu kwa Excel, nikaandika ripoti ya kurasa nane iliyotumika kuamua bomba jipya liwekwe wapi." Namba zitakuwa zako, za kweli. Weka daftari, na kila Ijumaa andika ulichofanya, ulichojifunza, na kilichoshindikana. Lakini usiweke humo majina ya watu wala habari zao za siri, na picha za watoto usizipeleke kwenye Facebook hata kama mama amecheka akasema sawa.

Jioni ukiwa na mtandao, jukwaa la mafunzo la mtandaoni liitwalo Kaya lina kozi za bure za kazi za misaada, na BSAFE, ile kozi ya usalama ya Umoja wa Mataifa, unaweza kuifanya bila kulipa. Vyeti hivi peke yake havimwajiri mtu, ila huonyesha hukukaa bure. Na kama unaweza kupata fedha ya jambo moja tu mwaka huu, pata pamiti, yaani leseni, ya kuendesha pikipiki. Matangazo mengi ya kazi za mashinani hapa Uganda huitaka, wasichana wengi huachwa kwa kukosa hiyo, na usaili haufiki hata kwenye shahada yako.

Jipe miezi mitatu ya kwanza kama kipimo. Ikifika hapo hakuna aliyewahi kukaa nawe kuipitia kazi yako, mwombe msimamizi kikao, umweleze kwa upole ulichoahidiwa kwa maandishi. Akirekebisha, maliza miezi sita. Asiporekebisha, aga vizuri, chukua barua ya muda uliotumikia, na uondoke bila kujisikia umesaliti mtu. Barua pepe kwa shirika itume wiki hii, na wakikujibu, niandikie kabla hujasaini tuyasome majibu yao pamoja.